Ryman, Opry 100 ama Willie 90: mzee wa kantri umwekee gani?

Hii kazi nilipewa na grupu ya familia. Mzee wetu alikuwa anafikisha miaka 72, keki hataki, koti hataki, akasema anataka tu "ile kantri ya zamani, kwa TV kubwa, na watu waache kelele". Mzee ni mtu wa Litein, ameendesha lori la majani chai miaka 30 na kitu, na ndani ya hilo lori kaseti zilikuwa 3 pekee, Jim Reeves, Don Williams na moja ya Kenny Rogers ambayo karatasi yake ilishafutika jina, kwa hivyo sisi watoto tulijua maneno ya nyimbo za Texas kabla hatujajua Texas iko upande gani wa dunia.

Tukaanza kubishana. Mimi nilitaka lile tamasha la 2019 la jumba la Ryman, Nashville, mji mkuu wa kantri kule Marekani. Ndugu yangu akasema hapana, wekeni Opry 100 ya 2025, ile sherehe ya miaka 100 ya shoo ya Grand Ole Opry, ndiyo iko na masupastaa. Dada yetu mdogo, ambaye kusema ukweli kantri huwa anaivumilia tu kwa sababu ya baba, akaleta birthday ya mwimbaji Willie Nelson ya miaka 90. Mwisho wakaniambia wewe ndiye hulali, angalia zote utuambie. Nikaangalia zote, ya Ryman mara mbili.

Kabla sijaanza, kuna kitu hakuna mtu atakuambia na ndicho kitafanya zawadi yako ikubalike ama ikataliwe. Sisi Kenya tuko na orodha yetu ya kantri na wao Nashville wako na yao. Yetu ni Jim Reeves kwa matanga, Don Williams mahali popote kuna mbuzi kwa moto, Kenny Rogers kwa gari la usiku, Dolly Parton kwa saluni, Skeeter Davis kwa Sundowner, kile kipindi cha redio cha KBC. Yao inaanza na Carter Family na Jimmie Rodgers, inapitia kwa Hank Williams, Patsy Cline, Loretta Lynn, George Jones, Merle Haggard. Si ati wamewasahau watu wetu, Jim Reeves yuko Country Music Hall of Fame tangu 1967 na Don Williams tangu 2010, lakini zile nyimbo hapa zinasimamisha baa nzima, kule hazishiki watu vile. Ukimwambia mzee "leo ni kantri ya zamani" akae akingoja Don Williams, utamwona amekunja mikono kufikia saa ya pili. Mwambie mapema.

Sasa Ryman. Jina kamili lina Country Music na Live at the Ryman, lilirekodiwa tarehe 27 mwezi wa 3, 2019 pale Ryman Auditorium, Nashville, na PBS, televisheni ya umma ya Marekani, wakalirusha tarehe 8 mwezi wa 9 mwaka huo huo, wiki moja kabla ya ile filamu ndefu ya mtengeneza filamu Ken Burns kuhusu historia ya kantri kuanza. Yaani kwa lugha ya biashara hili tamasha ni tangazo la filamu. Nasema wazi kwa sababu inaonekana, Ken Burns mwenyewe anapanda steji kuongea, wanaonyesha vipande vya filamu, halafu mwanamuziki anaingia. Kama wewe ni mtu wa "piga muziki wacha hadithi" hapo utaudhika. Mimi sikuudhika, mzee ndiyo kabisa, kwa sababu yeye wimbo bila hadithi yake huwa anauona kama chai bila maziwa.

Lakini kinachobeba hili tamasha ni nyumba yenyewe. Ryman lilijengwa kama kanisa, lilifunguliwa 1892, na mwenye kulianzisha alikuwa kapteni wa meli za mtoni, Thomas Ryman, aliyeokoka kwa mkutano wa injili wa mhubiri Sam Jones akaamua mji lazima uwe na mahali pa mikutano kama hiyo. Viti mpaka leo ni mabenchi ya kanisa, yale marefu ya mbao, na watu wanaoingia ni elfu 2 na mia 3 hivi, kwa hivyo hata yule wa nyuma kabisa anaona uso wa mwimbaji. Grand Ole Opry, ile shoo ya redio ambayo ndiyo mama ya mambo haya yote, ilikaa humo kutoka 1943 mpaka 1974, bila kiyoyozi, wasanii wanavuja jasho, mahali pa kuvalia nguo karibu hakuna, wengine wanatokea mlango wa nyuma wanavuka kichochoro kwenda baa ya Tootsie's kupata moja baridi halafu wanarudi kuimba. Sasa kwa TV hiyo mbao unaisikia. Weka spika nzuri kidogo, wala si lazima wufa ya kutetemesha mabati, utasikia gitaa likipigwa kavu na sauti inarudi imepoa, haina ule mwangwi wa uwanja. Mzee alisema inasikika kama kwaya ya AIC ikifanya mazoezi Jumamosi kanisa likiwa tupu. Sijapata maelezo mazuri kuliko hayo.

Na waimbaji wamechaguliwa kwa akili. Rosanne Cash, binti ya Johnny Cash, yuko. Vince Gill, Marty Stuart, Kathy Mattea, Dwight Yoakam, Dierks Bentley. Marty Stuart alianza kupiga na bendi ya Lester Flatt akiwa na miaka 13, kwa hivyo akikueleza habari za wazee anaeleza watu aliobeba masanduku yao. Halafu kuna Rhiannon Giddens, mama mweusi wa North Carolina, na hapa ndipo kidogo nimsimamishe msomaji, kwa sababu banjo wengi wetu tunaiona ni kitu cha mzungu mwenye kofia na majani mdomoni, kumbe asili yake ni Afrika Magharibi, ilivuka bahari na watumwa, na huyu mama kazi yake ya miaka mingi imekuwa kuirudisha kwa wenyewe. Mzee hakuwa anajua. Alinyamaza kidogo halafu akauliza, "Sasa kwa nini walituambia ni yao?"

Urefu ni kama masaa 2, na kwa kuwa ni PBS hakuna matangazo ya katikati yanayokatiza wimbo. DVD ipo pia. Ila angalia hapo, DVD za Marekani nyingi ni za region 1, yaani zimefungiwa mashine za kule, na mashine nyingine hazikubali. Yetu aliibeba binamu kutoka Minnesota, mashine ya kwanza ikaitema kama mtoto na dawa ya minyoo, ikabidi tuombe ya jirani, moja ya zile za bei ya chini zisizojali chochote, ikacheza bila swali.

Opry 100 ni mnyama mwingine. Hii ilienda hewani laivu kwa televisheni ya NBC na kwa Peacock, huduma yao ya mtandaoni, tarehe 19 mwezi wa 3, 2025, masaa 3, Blake Shelton akiwa mtangazaji, wengi wakiimba pale Opry House, ile nyumba kubwa ya kisasa Opry ilihamia 1974, na baadhi wakiwa Ryman. Kisa cha sherehe ni Opry kufikisha miaka 100, ingawa ukipiga hesabu ilikuwa bado, kwa sababu ilianza tarehe 28 mwezi wa 11, 1925, mzee wa miaka 77 anaitwa Uncle Jimmy Thompson akipiga fidla mbele ya maikrofoni ya redio WSM. Kwa hivyo keki ilikatwa miezi 8 kabla ya siku. Si mbaya, hata sisi harusi tunakula kabla bibi harusi afike.

Faida yake kubwa ni majina. Garth Brooks, Trisha Yearwood, Reba McEntire, Alan Jackson, Carrie Underwood, Luke Combs, Lainey Wilson, Jelly Roll, Post Malone, orodha inaenda tu. Kwa nyumba yenye watu wa kila umri hii ndiyo salama, kijana wa miaka 19 atapata mtu anayemjua na shosho atapata wake. Na kuna ule mduara. Wakati wanahama Ryman walikata kipande cha mbao za steji, mduara wa upana wa futi 6 hivi, wakaupachika katikati ya steji mpya, na mpaka leo kusimama humo ndani ni kama kukabidhiwa fimbo ya wazee. 2010 mafuriko yaliingia Nashville, maji yakafunika steji nzima ya Opry House, na ule mduara ukaokolewa, ukakaushwa, ukarudishwa mahali pake. Ukijua hiyo hadithi, kila mara msanii akiangalia chini kabla ya kuimba unajua anaangalia nini.

Udhaifu wake ni haraka. Masaa 3 ya televisheni ya biashara ukitoa matangazo si masaa 3, watu ni wengi, kwa hivyo nyimbo nyingi zinaonjwa tu, beti moja hapa, kiitikio pale, makofi, tangazo. Ndugu yangu anaona hiyo ni raha, "hakuna wakati wa kuboeka". Mimi naona ni kama kwenda harusi ukapewa sambusa 12 na wali ukaambiwa umeisha. Ila tuwe wakweli pia, Opry tangu mwanzo ilikuwa kitu cha kuuza, hata jina la redio, WSM, lilitoka kwa kauli ya biashara ya kampuni ya bima iliyokuwa inamiliki stesheni, kwa hivyo matangazo si ugonjwa uliowapata juzi, wamezaliwa nayo.

Lakini kuna dakika chache kwa Opry 100 ambazo Ryman haina, na nikiwa mkweli kabisa hizo dakika karibu zibadilishe kura yangu. Carrie Underwood anaimba nyimbo za Randy Travis, na Randy mwenyewe amekaa pale mbele kwa watazamaji. Huyu Randy alipigwa na kiharusi 2013, sauti iliyokuwa moja ya sauti nzito tamu kabisa za kantri ikaenda, kuongea kwenyewe ni shida. Na yeye ndiye 2008 alimwalika Carrie awe mwanachama wa Opry. Sasa Carrie anaimba ile ya Forever and Ever, Amen, anateremka kutoka steji anamfuata alipokaa, na likibaki neno la mwisho anampelekea maikrofoni. Randy anatoa "amen". Neno moja tu. Mama, ambaye alikuwa anachambua mboga na hajasema kitu jioni nzima, aliweka ungo chini.

Ya Willie nitapita haraka kidogo. Ilifanyika siku mbili, tarehe 29 na 30 mwezi wa 4, 2023, Hollywood Bowl, Los Angeles, uwanja wa wazi wa watu elfu 17 na zaidi, halafu televisheni ya CBS wakakata kipindi cha masaa 2 wakakirusha tarehe 17 mwezi wa 12. Hapo usiende ukitafuta kantri tupu. Snoop Dogg yuko, Ziggy Marley yuko, Norah Jones, Neil Young, Keith Richards, halafu upande wa kantri George Strait, Chris Stapleton, Miranda Lambert. Ni sherehe ya mtu, si sherehe ya muziki wa aina moja, na mtu mwenyewe ana marafiki wa kila kona. Kwa dada yangu hii ndiyo ilishinda, na nakubali kwamba kama nyumbani kuna mtu anayesema "mimi kantri siwezi" basi muanzishie hapa, halafu umwambie kwamba ule wimbo Crazy wa Patsy Cline uliandikwa na huyu mzee mwenye nywele za kusuka, utaona anageuka.

Kitu kimoja cha kuangalia humo bila kukosa ni mwimbaji Kris Kristofferson akipanda steji na Rosanne Cash kuimba pamoja. Kris alikuwa ameshazeeka, na mwezi wa 9 mwaka uliofuata, 2024, akafariki. Kumbuka Kris, Willie, Waylon Jennings na Johnny Cash walikuwa kundi moja, The Highwaymen, kwa hivyo unaangalia binti ya mmoja anamshika mkono mwenzake baba yake, na mwenye birthday ndiye aliyebaki kati ya wale 4.

Habari ya kuzipata. Laivu sahau, kwa sababu saa 2 usiku ya New York mwezi wa 3 ama wa 9 ni saa 9 usiku yetu, na Peacock Kenya haifungui. Vipande vya nyimbo viko YouTube kwa chaneli rasmi na vinatosha kukupa ladha, lakini shoo nzima itabidi utafute njia ya kununua ama mtu wa ughaibuni akusaidie. Ukiangalia kwa bando hesabu karibu GB 3 kwa saa kama ni HD, na shushia nyumbani mapema, usijaribu kustream ushago jioni wakati kila mtu amerudi kutoka shamba yuko kwa simu, utaona Reba amefungua mdomo dakika 4 hajaufunga.

Sasa kura. Mtu aliyekua na kaseti, anayejua maneno, anayetaka wimbo uimbwe mpaka mwisho, mwekee Ryman. Nyumba ya watu 15 na wajukuu wanapita katikati ya TV, wekeni Opry 100, hata mtu akikosa nusu saa hajapoteza kitu. Mgeni wa kantri, Willie. Na kama shida ya mzee wako ni Don Williams na hakuna mwingine, basi achana na hizi zote, tafuta lile tamasha lake la Harare la 1997, Into Africa, alilopiga Zimbabwe mbele ya watu wetu, wanaimba naye, na hapo hakuna haja ya kuelezea mtu kwa nini huku tunampenda. Ama ngoja Sir Elvis Otieno, mwimbaji wetu wa kantri hapa Kenya, akiwa na shoo Nairobi umpeleke laivu, utatumia pesa zaidi lakini nyama itakuwa karibu.

Sisi tulianza na Ryman. Ilipoisha mzee akataka kujua kama kuna zaidi, nikamwambia kuna ile filamu yenyewe, sehemu 8, masaa 16, akasema weka ya kwanza tuone. Ikafika mahali pa Jimmie Rodgers, yule wanamwita baba wa kantri, alikuwa mfanyakazi wa reli, kifua kikuu kikamuua 1933 akiwa na miaka 35. Mzee akanyoosha kidole kwa TV. "Huyo ndiye Chemirocha."

Mimi nilidhani ni uzee unaanza. Akasema hapana, kogo, yaani nyanya yake, alikuwa anaimba. Na ukweli ni kwamba iko kwa rekodi, 1950 Hugh Tracey, mzungu aliyekuwa akirekodi muziki wa Afrika, alikuja Kapkatet, hapo tu karibu na kwetu, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha, nusu mtu nusu paa, anayecheza kwa kuruka mpaka nguo zimtoke. Santuri za Jimmie Rodgers zilikuwa zimefika huku na gramafoni miaka ya nyuma, watu wakaskia jina, Jimmie Rodgers likawa Chemirocha, wakaskia ile sauti ya kupanda na kushuka, wakaamua huyu hawezi kuwa binadamu mzima.

Nikamtafutia ile rekodi kwa simu, nikasimamisha filamu. Ni ya dakika moja na kitu, wasichana na kinubi basi. Akaniambia rudia. Nikarudia mara 5, TV ikiwa imegandia kwa uso wa Jimmie Rodgers, na ndugu yangu na Opry 100 yake kwa flash wakangoja mpaka kesho yake.